Uzi: Madaktari wapo, vitanda vimejaa, mgonjwa anasubiri. Tatizo liko kwenye makabidhiano kati ya idara

Mwanawodi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaofanya kazi hospitali za rufaa za mikoa na za wilaya, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini wodi hujaa wakati madaktari wote wako kazini.

Chukua faili la mgonjwa yeyote wa wodi ya upasuaji. Anzia alipolazwa hadi aliporuhusiwa, uandike pembeni kila saa alikuwa anasubiri nini. Utakuta matibabu yenyewe yamekula muda mchache. Saa nyingi zimeenda akimsubiri daktari wa magonjwa ya ndani aangalie presha, mtaalamu wa usingizi aseme kama anafaa kwa upasuaji, jibu la maabara ambalo limeshatoka ila aliyeliomba hajui limetoka, au sahihi ya ruhusa. Hakuna kati ya hao aliyekaa bure. Muda unapotelea pale mgonjwa anapotoka mikononi mwa daktari mmoja kwenda kwa mwingine, na pale hapana mwenyewe.

Tufanye hesabu. Wodi ya vitanda 40, mgonjwa analala wastani wa siku 8. Gawanya 40 kwa 8: wodi inapokea wagonjwa 5 kwa siku, 150 kwa mwezi. Ondoa siku moja tu ya kusubiri, wastani uwe siku 7. Mwezi huo wodi ileile inahudumia wagonjwa 171. Hao 21 wa ziada hawakuhitaji kitanda kipya wala daktari mpya.

Nianze na ushauri wa idara kwa idara, maana ndiko siku nyingi zinakopotea. Utaratibu wa kawaida: daktari tarajali anaandika kwenye faili "aonwe na magonjwa ya ndani", faili linawekwa mezani, basi. Hakuna aliyepigiwa simu, swali halijaandikwa, na yule anayeombwa anasikia habari hizo kesho yake kwenye raundi yake, kama atasikia. Akija anakuta mgonjwa hana kipimo cha sukari wala cha figo, anaandika "fanya vipimo kisha niite". Siku mbili zimekwenda.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu:

Ombi litoke kwa daktari kwenda kwa daktari, kwa simu, halafu liandikwe. Karatasi peke yake si ombi.

Ombi liwe na mistari minne: mgonjwa ni nani na yuko kitanda gani, kimetokea nini, wewe unafikiri nini, unataka nini hasa. Mstari wa nne ndio unaorukwa na ndio wenye maana. "Naomba umwone" si swali. "Presha 170/105, tumepanga kumfanyia upasuaji wa ngiri Alhamisi, je tuendelee au tubadili dawa kwanza?" hilo ni swali, na pengine jibu lake linapatikana kwenye simu hiyohiyo.

Liwe na daraja la haraka mliloafikiana idara zote. Mfano: nyekundu, daktari afike ndani ya dakika 30, njano, siku hiyohiyo kabla ya saa 10 jioni, kijani, ndani ya saa 24. Kila daraja liwe na vipimo vya lazima kabla ya kupiga simu, isipokuwa nyekundu. Nyekundu haisubiri kipimo.

Na jambo la mwisho, ambalo wengi hawalipendi: kila mgonjwa awe na daktari mmoja mwenye dhamana, jina liandikwe ukurasa wa kwanza wa faili. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu ndiye anayeumia zaidi hapa. Upasuaji wanasema sukari ikishuka watamsafisha kidonda, magonjwa ya ndani wanasema kidonda kikisafishwa sukari itashuka. Kila mmoja ana hoja, na mguu unaoza. Mwenye dhamana akijulikana, yeye ndiye anayewaita wote wawili kitandani kwa wakati mmoja.

Karibuni mchango, hasa wa thieta (chumba cha upasuaji).

---

Usingizi na Ganzi

Mkuu umegusa penyewe. Nitazungumzia thieta, na nitakuwa mrefu.

Upasuaji mwingi unaoahirishwa asubuhi uliahirishwa jana yake jioni, ila hakuna aliyejua. Orodha inaletwa saa 1 usiku au asubuhi yenyewe, mtaalamu wa usingizi anamwona mgonjwa kwa mara ya kwanza mlangoni, anakuta hana kundi la damu, au amekunywa chai ya maziwa, au presha iko juu. Mgonjwa anarudishwa wodini, meza inakaa tupu mpaka wa pili aandaliwe, na wa pili naye alikuwa amepangwa saa 6 kwa hiyo hajawa tayari.

Mpangilio ninaoutetea: orodha ifungwe saa 8 mchana wa siku ya kabla. Mtaalamu wa usingizi apite wodini kabla ya saa 11 jioni, awaone wote. Anayehitaji damu, krosmachi (kipimo cha kulinganisha damu yake na ya kuongezewa) ifanyike jioni hiyohiyo na chupa zitajwe kwa namba. Muuguzi wa thieta apewe orodha ileile ahesabu seti za vyombo. Hili la vyombo linasahaulika sana. Mzunguko wa kutakasa seti iliyofungwa, ukijumlisha kupasha, kukausha na kupoa, ni kama saa moja au zaidi hata kama muda wa joto lenyewe ni mfupi. Ukiwa na seti mbili za tumbo na umepanga wagonjwa wanne wa tumbo mfululizo, umeshapanga kuchelewa.

Mpangilio wa majina nao si wa kubahatisha. Watoto na wenye kisukari kwanza, kwa sababu ndio wanaoumizwa zaidi na njaa. Wenye usaha na vidonda vichafu mwisho. Mwenye upasuaji mrefu na mgumu asiwekwe mwisho eti "tukipata muda", huyo ataahirishwa kila wiki.

Kuhusu kufunga kula, muda kabla ya upasuaji: masaa 6 kwa chakula, masaa 4 kwa maziwa ya mama, masaa 2 kwa maji matupu. Agizo la "asile wala asinywe kuanzia usiku wa manane" kwa orodha nzima linamkausha mgonjwa wa saa 8 mchana bila sababu. Andika saa ya kila mmoja. Na daktari wa upasuaji akibadilisha mpangilio wa majina, apige simu wodini ili saa za kufunga zibadilike.

Sasa jambo ambalo limenifanya niandike. Daktari wa upasuaji, wa usingizi na wa magonjwa ya ndani wakae mara moja, wakubaliane ukurasa mmoja wa viwango. Presha iliyo chini ya 180/110 kwa mgonjwa asiye na dalili nyingine haiahirishi upasuaji wa kupangwa; kiwango hicho ndicho kilichomo kwenye mwongozo wa pamoja wa Uingereza wa 2016. Hemoglobini gani inakubalika kwa upasuaji gani, sukari gani, nani anahitaji kipimo cha moyo na nani hahitaji. Bila ukurasa huo kila zamu ina sheria yake, na mgonjwa aliyekubaliwa Jumatatu anakataliwa Jumanne kwa presha ileile.

---

Sista wa Zamu

Daktari Usingizi, asante. Naomba kuongeza kutoka upande wa uuguzi.

Makubaliano ya madaktari wawili ambayo muuguzi hayajui ni kama hayapo. Daktari wa magonjwa ya ndani anakuja saa 9, anabadilisha dozi ya insulini kwenye ukurasa wa maoni yake, hagusi karatasi ya dawa. Muuguzi anatoa dawa kwa kufuata karatasi ya dawa. Dozi ya zamani inaendelea siku tatu. Kanuni iwe moja: anayebadilisha dawa aibadilishe kwenye karatasi ya dawa yeye mwenyewe na amwambie muuguzi wa kitanda hicho kwa mdomo.

Raundi pia. Raundi nyingi zinaanzia kitanda namba 1 kwenda namba 40. Ikifika saa 7 ndipo wanaambiwa watatu waruhusiwe, na hapo duka la dawa, dirisha la malipo na ofisi ya bima wana foleni. Mgonjwa aliyepona anakula chakula cha jioni wodini, na aliyelazwa mapokezi analala kwenye machela. Anzeni na mahututi, kisha wanaotarajiwa kutoka, kisha waliobaki. Karatasi za ruhusa za hao wanaotarajiwa ziandikwe jana yake jioni, asubuhi daktari athibitishe tu.

Mwenye matatizo ya malipo, ustawi wa jamii waitwe siku ya kulazwa. Wakiitwa siku ya ruhusa, uchunguzi wa msamaha unachukua siku na kitanda kimefungwa.

---

Raia Mlipa Kodi

Nawasoma kwa heshima, lakini mnazunguka. Madaktari hawatoshi, na waliopo mchana wako hospitali zao binafsi. Ukiwa na bingwa mmoja wa magonjwa ya ndani kwa mkoa mzima, fomu ya mistari minne itasaidia nini?

---

Mwanawodi

Mkuu Raia, hawatoshi, hilo ni kweli na halipingiki. Ila jiulize bingwa huyo mmoja saa zake zinakwenda wapi. Akiitwa mara sita kwa siku, na mara tatu anakuta vipimo havijafanyika, nusu ya kutembea kwake imepotea. Uchache wa mabingwa ndiyo sababu ya kwanza ya kulinda muda wao. Kwenye bingwa mmoja, raundi ya pamoja ina faida kubwa zaidi: siku mbili kwa wiki, saa inayojulikana, anapita wodi ya upasuaji na ya wazazi pamoja na daktari wa wodi husika, wagonjwa wote wa kijani wameandaliwa. Maombi ya kijani hayamwiti tena siku nyingine. Simu yake inabaki kwa nyekundu na njano.

La kutokuwepo mchana ni la nidhamu na la uongozi, na silitetei. Ratiba ya zamu ya kuitwa ibandikwe mapokezi, wodini na thieta ikiwa na jina la kwanza na la akiba. Akikosekana wa kwanza baada ya simu mbili, anapigiwa wa akiba, na mganga mfawidhi anapata taarifa asubuhi. Muuguzi asiachiwe kazi ya kubembeleza.

---

Mkunga Mwandamizi

Mimi nina la rufaa, maana sehemu ya msongamano wa hospitali ya mkoa inaletwa na rufaa zisizo na maelezo.

Mama mwenye kifafa cha mimba anafika na karatasi imeandikwa "kifafa cha mimba, amepewa magnesia", yaani magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kiasi gani? Saa ngapi? Dozi ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 mshipani taratibu kwa dakika 5 hadi 20, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Anayepokea asipojua, ana njia mbili mbaya: arudie dozi ya kuanzia na kumzimisha mama pumzi, au aogope asitoe kitu na mama adegedege tena. Karatasi ya rufaa lazima iwe na dawa, kipimo na saa. Iandikwe pia alivyokuwa wakati anaondoka: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitikie likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Na kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kutibu magnesia ikizidi, isafiri naye.

Simu itangulie gari. Anayepokea aseme "tunamsubiri, thieta ipo" au "thieta yetu haina umeme, mpeleke kwingine". Kwa Tanzania Bara na Visiwani kuna m-mama, unapiga 115, wanapanga usafiri wa mama na mtoto mchanga. Lakini 115 inaleta gari. Mazungumzo ya daktari kwa daktari bado ni ya kwenu wenyewe.

Na simu iwe ya idara, inayokabidhiwa zamu hadi zamu pamoja na chaja yake. Namba binafsi ya daktari ikiwa ndiyo njia ya rufaa, siku akiwa likizo njia imefungwa.

---

Tabibu wa Kaunti

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu afisa wa kliniki (clinical officer) ndiye anayeona wagonjwa wengi kabla daktari hajafika, kwa hivyo haya ya makabidhiano tunayajua vizuri.

Swali langu ni la vikundi vya WhatsApp. Hospitali nyingi zinatumia kikundi cha madaktari kuuliza ushauri: picha ya eksirei, picha ya kidonda, jibu linakuja kwa dakika chache. Inasaidia sana vituo vya mbali. Je, kuna njia salama ya kufanya hivyo?

---

Mlinzi wa Faili

Tabibu, njia ipo ila ina masharti. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo: jina lisionekane, namba ya faili isionekane, uso ufichwe, na kona ya eksirei yenye jina ikatwe kabla ya kupiga picha. Simu isihifadhi picha moja kwa moja kwenye albamu ya familia.

Hatari ya pili ni ya kitabibu. Kwenye kikundi cha watu 80 wanajibu wanne, majibu matatu tofauti, na hakuna mwenye dhamana. Aliyeuliza anachagua analolipenda. Kikundi kitumike kujifunza na kutafuta nani yuko zamu. Ushauri wa mgonjwa mmoja utolewe na mtu mmoja anayejulikana, na jibu lake liandikwe kwenye faili: "nimeongea na daktari fulani saa 5:20, ameshauri hivi". Kisichoandikwa hakimsaidii wa zamu ya usiku.

Kwa ushauri wa mbali wa kudumu kuna mfano wa kusoma. Chuo Kikuu cha New Mexico kule Marekani, mwaka 2003, Dkt. Sanjeev Arora alianzisha mpango wa ECHO. Wagonjwa wa homa ya ini C walikuwa wanasubiri kliniki yake kwa miezi mingi, akaamua kuwafundisha madaktari wa vijijini kila wiki kwa video, wakijadili wagonjwa wao halisi. Utafiti uliochapishwa 2011 ulilinganisha wagonjwa 407: waliopona chuoni walikuwa asilimia 57.5, kwenye vituo vya vijijini na magereza asilimia 58.2. Hakuna tofauti ya maana. Foleni ikapungua kwa kuwa ujuzi ulikwenda alipo mgonjwa.

Kwa presha na kisukari sioni kwa nini hospitali ya mkoa isifanye vivyo hivyo na vituo vyake vya afya. Saa moja kwa wiki, siku ileile, kila kituo kilete mgonjwa mmoja. Aliyetulia arudishwe kituoni kwake na barua yenye dawa, kipimo, kiwango kinachotakiwa, na dalili za kumrudisha. Barua isiyo na hilo la mwisho inamrudisha mgonjwa kliniki ya mkoa mwezi ujao, kwa sababu tabibu wa kituo anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

---

Mpasuaji wa Kanda

Nimesoma uzi wote. Kuna kitu hakijatajwa: dharura kuvunja orodha.

Thieta yenye meza moja, kila asubuhi inaanza na mama wa dharura, orodha ya ngiri inasogezwa, ikifika saa 9 wanaambiwa mrudi wiki ijayo. Mkiandika wiki nne mfululizo mtaona dharura hazibahatishi kama mnavyodhani. Idadi yake kwa siku inakaribiana. Kwa hiyo zitengeeni nafasi kwenye ratiba, mpange wagonjwa wa kawaida wachache zaidi na muwafanyie wote. Wanne waliopangwa wakafanyiwa ni bora kuliko saba waliopangwa wakafanyiwa watatu, kwa sababu wale wanne wa kuahirishwa wamelala wodini bure, wamekaa na njaa, na ndugu wametoka vijijini.

Nani aamue dharura ipi itangulie? Si mwenye sauti kubwa. Daktari wa upasuaji, wa wazazi na wa usingizi waamue watatu pamoja, kwa simu ikibidi, wa usingizi akiwa ndiye msimamizi kwa sababu yeye ndiye anayeiona meza.

Na orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 isifanywe kwa kutia alama tu. Vipengele ni 19, hatua ni tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka chumbani. Hospitali nane za majaribio yake zilitoka nchi nane, mojawapo ni ya kwetu Ifakara. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hatua ya pili inawataka watu wote chumbani wajitaje jina na kazi. Wengi wanairuka kwa kuona ni ya watoto. Muuguzi ambaye ametaja jina lake ndiye anayethubutu kusema "daktari, pamba moja haijaonekana".

---

Fundi Takwimu

Mpime nini ili mjue kama inafanya kazi? MTUHA, mfumo wa serikali wa takwimu za huduma za afya, haitawapa haya, inahesabu wagonjwa, haihesabu kusubiri. Anzisheni daftari la mistari, safu tano tu: tarehe, namba ya faili, saa ya ombi, saa daktari alipofika, sababu kama alichelewa. Daftari la pili thietani: aliyepangwa, amefanyiwa au la, sababu. La tatu wodini: saa ruhusa ilipotolewa, saa kitanda kilipoachwa.

Angalizo moja. Msitumie wastani. Maombi tisa ya saa mbili na moja la saa 70 yanatoa wastani wa karibu saa 9, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyesubiri saa 9. Hesabuni wangapi kati ya kumi wamepata jibu ndani ya muda wa daraja lao. Na sababu za kuahirisha ziwe na orodha ya kuchagua: damu, vyombo, mgonjwa hajaandaliwa, muda umekwisha, mtaalamu hayupo, malipo. Mkiacha waandike wanavyotaka, kila sababu itakuwa "sababu zisizozuilika".

---

Sista wa Zamu

Fundi, safu ya saa daktari alipofika nani ajaze? Akijaza daktari mwenyewe atakuwa amefika mapema kila siku. Akijaza muuguzi, kuna ugomvi.

---

Fundi Takwimu

Dada Sista, ajaze muuguzi wa zamu, na daktari atie sahihi pembeni hapohapo anapofungua faili. Wakitofautiana, wote wawili wanaangalia saa moja ya ukutani wodini. Kwa hiyo kabla ya daftari, hakikisheni saa hiyo ipo na ina betri. Daftari lisomwe kwenye kikao cha asubuhi kila Jumatatu, lisomwe kwa idara, majina ya watu yasitajwe. Jina likitajwa wiki ya kwanza, wiki ya pili daftari litakuwa safi na wagonjwa watakuwa wanasubiri vilevile.